Daftari Lenye Safu ya Nne

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa saa ya ukutani na doti moja ya kanga, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, myaweke kabatini kwa faida ya wasaidizi wa kisheria watakaokuja baada yenu. Saa haitembei. Kanga nimeshazivaa. Hayo machache ndiyo haya, na nawaonya mapema kwamba si ya kumtia mtu moyo. Vyeo sina vya kusimulia, na mshahara mnaujua.

Naitwa Damari. Ni Mkaguru wa milimani, nimesomeshwa na misheni mpaka kidato cha nne, nikajifunza kupiga chapa, nikaajiriwa ofisi ya kanisa hapa Kilosa, chumba kimoja upande wa Mabwerebwere chenye dirisha linalotazama duka la mafuta ya taa. Siku ya kwanza nilionyeshwa mashine ya kuchapa ambayo herufi R ilikuwa inanasa, kila ukiipiga lazima uirudishe kwa ukucha. Jaribuni kuandika "ardhi" na "serikali" kutwa nzima kwa mashine ya namna hiyo. Karatasi za kaboni zilikuwa zimetumika mpaka zinatoa kivuli tu, na kiti cha wageni kilikuwa na miguu mitatu na tofali. Kazi yenyewe ilikuwa vyeti vya ubatizo na barua za kuomba mabati.

Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Madukani vitu vilirudi, sabuni za kunukia, betri, vitambaa, na sisi tuliozoea foleni tukadhani shida zimekwisha. Kilichokuwa kinauzwa polepole, bila kelele, ni ardhi. Kati ya Kilosa na njia ya Dumila kulikuwa na shamba la mkonge, jina lake silitaji, ambalo lilitaifishwa, likafanya kazi kidogo, kisha likafa. Mitambo ilinyamaza na mabwana shamba wakaondoka. Waliobaki ni watoto wa manamba, wale vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka mbali enzi za mkoloni kuja kukata mkonge. Hawakuwa na kwao pa kurudi. Walifyeka mkonge uliokufa wakapanda mahindi, na miaka ikapita mpaka waliozaliwa mle wakaoa na kuolewa.

Rabi Menahemu alikuja wakati huo. Wakubwa wa kanisa walikuwa wameomba mwalimu wa Agano la Kale awafundishe wachungaji wa vijijini, na rafiki zao wa ng'ambo wakatupatia Myahudi mwenyewe, rabi mstaafu, akae nasi miaka miwili. Mimi niliitwa kuwa mkalimani wake. Wachungaji walimsubiri mtu mwenye joho na ndevu za kufika kitovuni. Kwenye basi la kutoka Dumila akashuka mzee mfupi mwenye shati la mikono mirefu, kofia, na sufuria yake mwenyewe aliyoifunga kwa kamba. Mwinjilisti mmoja mkongwe alinivuta pembeni.

"Dada Damari, hebu muulize. Musa anamfahamu?"

Nilitafsiri, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Rabi alifikiri kidogo, akajibu kwamba wanaonana kila asubuhi, ila mara nyingi hawaelewani.

Ile sufuria alipikia mwenyewe, ugali, maharage na mayai, na chetu hakula. Waislamu wa kule shambani waliposikia kwamba nguruwe kwake ni marufuku, walimfanya mwenzao upesi kuliko sisi Waanglikana tuliomwalika. Jumamosi hakufanya kazi wala hakupanda gari. Nilipokwenda ofisini Jumamosi ya kwanza kumalizia barua alinifokea. Ndiye bosi pekee maishani mwangu aliyenigombeza kwa kuja kazini.

Kwao mtu hasomi Maandiko peke yake. Husoma na mwenzake, mmoja anauliza, mwingine anapinga. Kwa kuwa Kilosa nzima hakuwa na mwenzake, alinikalisha mimi kwenye kile kiti cha tofali, kila asubuhi kabla ya kazi. Nilikuwa mpiga chapa, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza nadhani nini kuhusu mstari wowote. Siku za kwanza nilikuwa najibu, "Ndiyo, Mzee." Akachoka. "Ukikubaliana na mimi tena natafuta mtu mwingine," akasema. Basi nikajifunza kubisha, na nikapenda kubisha. Hilo alinipa yeye na silifichi.

Maneno "haki za binadamu" ndiyo kwanza yalikuwa yanaingia kwenye semina zetu, yakifuatana na soda na posho. Yeye hakuyatumia sana. Alifundisha kwamba Torati inakataza kusogeza mpaka wa jirani, kwamba pembe za shamba ni za maskini na mgeni hata kama hati ni ya mwingine, na kwamba amri ya kufuata haki inataja haki mara mbili kwa makusudi: mara ya kwanza ni ile unayoitafuta, mara ya pili ni njia unayoipita kuifikia. Huko kwao yeye na marabi wenzake walikuwa wamewahi kulala rumande kwa kusimama na wapangaji waliokuwa wanatolewa nje. "Sala gani hiyo," alituambia, "jirani yuko barabarani na godoro lake?" Wachungaji walitikisa vichwa wakaandika. Kuandika tulikuwa hodari.

Siku moja ya kiangazi wakaja watu saba kutoka shambani. Mbele yao alikuwa Bi Zuhura, mtoto wa manamba, mwanamke mrefu anayenizidi kama miaka kumi, ambaye hakuna aliyemchagua kuwa kiongozi na hakuna aliyethubutu kukataa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia mna Myahudi hapa."

"Tunaye."

"Mwambie shamba limepata mwenyewe. Mwekezaji. Wamekuja vijana na kamba, wanapima mpaka jikoni kwangu."

Rabi aliniambia nimuulize anataka nini hasa. Bi Zuhura alinitazama mimi, si yeye, kana kwamba swali nililitunga mwenyewe.

"Baba yangu kazikwa mle. Alikata mkonge mpaka vidole vikabaki saba. Sitaki fidia ya mtu. Nataka pale pale nilipo."

Rabi alisema maskini asiyeandikwa popote husemwa hakuwepo. Akaniagiza ninunue kaunta buku, nichore safu tatu: jina, lini alianza kulima, na mipaka yake ni ipi. Kila jambo lithibitishwe na mashahidi wawili, ndivyo Torati inavyotaka. Nilikwenda huko kwa baiskeli siku baada ya siku, na rula, kalamu mbili na kidau cha wino wa dole gumba. Nilikaa majikoni na vibarazani, nikapewa uji, nikaandika. Nyumba kwa nyumba watu walinitajia mwembe ulipo mpaka, mfereji, kaburi. Nawaambia ninyi vijana wenye kompyuta: hakuna kazi tamu kuliko kumsomea mtu jina lake na la baba yake kutoka kwenye daftari lenye mstari ulionyooka.

Ilikuwa jikoni kwa Bi Zuhura niliposikia habari za debe. Shamba lilipokufa aliachwa mnyapara mmoja, Mzee Pius, alinde majengo. Ndiye aliyewaambia watu lima tu, pori litatumaliza kwa nyoka. Tangu hapo kila mavuno kila nyumba ilimpelekea debe moja la mahindi. Nikauliza kwa nini.

Bi Zuhura alinishangaa. "Unalima mlangoni kwa mtu, unavuna, halafu unampita kimya? Wewe mama yako hakukulea?"

Mama yangu alinilea. Huko milimani kwetu pia, aliyekuonyesha pa kulima hashukuriwi kwa maneno matupu. Nikachora safu ya nne. Juu yake nikaandika "Debe", na chini nikajaza nyumba zote, kila mavuno waliyokumbuka, na mashahidi wawili kwa kila mstari. Rabi hakuniagiza. Nilitaka atakayesoma aone kwamba hawa si wavamizi wala wezi, ni watu waliolelewa. Nilipompelekea alipitisha macho tu, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akasifu mwandiko.

Kisha akaanza kupanda ngazi za ofisi. Alikwenda na wachungaji wawili na shehe wa kule shambani, mimi nyuma na daftari. Ofisa mmoja alimsikiliza mpaka mwisho habari za mipaka na pembe za shamba, akatabasamu.

"Mzee wangu, hapa si Israeli."

"Najua," Rabi akasema. "Ndiyo maana nimepanda basi."

Ofisa alicheka, akatuagizia chai, na hakufanya lolote. Ikabaki mahakama. Kanisa lilitutafutia wakili kijana wa Morogoro, na mimi nikapiga chapa madai yetu, nikitaja kwa fahari kwamba tuna daftari kamili la ushahidi. Kwa kuwa nililitaja, upande wa mwekezaji ukaomba liletwe.

Wakili wetu alilifungua kwa mara ya kwanza siku moja kabla ya kulipeleka, barazani kwetu, mchana, anakula karanga. Aliacha kutafuna.

"Dada, hii safu ya nne ni nini?"

Nilimweleza.

"Hii ni kodi," akasema. "Madai yetu ni kwamba wamekaa muda mrefu kama pao. Hapa wameandika wenyewe, na mashahidi, kwamba kila mwaka wanamlipa mtu wa mwenye shamba. Anayelipa kodi amekiri si pake."

"Si kodi. Ni shukrani."

"Mahakamani shukrani haina kifungu." Alifunga daftari taratibu. "Nakala ziko ngapi?"

"Hii tu."

"Mvua za mwaka huu zimeharibu vitu vingi sana maofisini," akasema, akachukua mkoba wake akaenda stendi.

Nilimpelekea Rabi. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba na kitabu chake. Nilimweleza safu ya nne inasema nini, na wakili kasema nini, naye akaelewa mara moja. Akasema hapana. Haki mara mbili, akanikumbusha. Kwa miaka miwili alikuwa amenifundisha kubisha, basi nikabisha. Nikamwambia habari za wale wakunga wa Misri walioamriwa na Farao waue watoto wa kiume wa Waebrania, nao hawakuwaua, wakamdanganya Farao, na Mungu akawatendea mema. Hawakuulizwa kuhusu njia.

Alifunga kitabu chake. "Wakunga waliokoa uhai," akasema. "Hili ni shamba."

"Shamba ndiyo uhai, Mzee."

"Tukifika kwa uongo, Damari, tutakuwa hatujafika."

Alisema kwa upole, na najua ilimuuma. Alikuwa pia na tiketi ya kurudi kwao.

Lakini msimlaumu yeye. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Nilifika nyumbani, jiko limewaka, maharage yanachemka, na nilikaa mbele yake nimelifungua magotini. Sikulichoma. Kwa miaka mingi nimesema niliogopa dhambi, na watu wamenisifu kwa hilo. Si kweli. Nililipenda. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa mkono wangu, na sikutaka ipotee.

Hukumu haikuchukua muda. Ilisema kwamba kwa daftari lao wenyewe, lililoandaliwa na wenzao wenye nia njema, watu hawa walikuwa wapangaji wasio na mkataba, na mwenye mali ana haki ya kuwaondoa. "Wenye nia njema" tulikuwa sisi. Wakili wetu hakunitazama. Bi Zuhura aliniuliza kwenye ngazi, "Wamesemaje?" na nikamtafsiria, Kiswahili kwa Kiswahili.

Trekta lilikuja mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Rabi alikwenda. Alisimama mbele ya trekta na kofia yake, akapaza sauti kwamba hata mwenye hati hana ruhusa ya kulima mpaka pembeni, mimi nikitafsiri kwa dereva ambaye alikuwa na watoto na bosi. Dereva alizima injini. Mpiga picha mmoja alikuwepo. Kwa siku ile moja waliokoa walichoweza, mahindi mabichi, wakayapeleka Dumila wakayauza kwa bei ya kutupa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Rabi alitembea kwa miguu alfajiri, maana gari hapandi, na alipofika jua limepanda na kazi ilikuwa imekwisha. Kaburi la manamba mwenye vidole saba sikuweza tena kujua lilikuwa mstari upi.

Nilimkuta Bi Zuhura amekaa juu ya kitanda kilichosimamishwa njiani. "Shikamoo," nikasema. Hakuitikia. Ninyi ni watu wa hapa, mnajua maana yake. Nilikuwa sijawahi kutoa shikamoo ikabaki hewani, na tangu siku hiyo nimeogopa kuitoa.

Rabi aliondoka mwezi uliofuata na sufuria yake. Ile picha ya trekta, nilikuja kuambiwa, ilitundikwa ukutani kwenye jumba fulani kubwa huko kwao, chini yake imeandikwa habari za imani na haki. Mimi nimo, nimekatwa begani.

Baada ya hapo ofisi ilipata wafadhili, ikawa dawati la msaada wa kisheria mnalolijua, na mimi nikabaki miaka yote hii. Nimeshinda kesi kadhaa, za mirathi hasa. Kama mnataka funzo la kazi, ni hili: karatasi yoyote kabla ya kuitoa isomeni kwa macho ya adui, na safu ambayo hamkuombwa msiichore. Mengine mtayakuta kwenye miongozo yenye rangi.

Kuna jambo moja lisilo la kwenye miongozo. Rabi aliniandikia. Kwao kuna siku moja kila mwaka ya kufunga na kutubu, na mafundisho yao yanasema Mungu husamehe uliyomkosea Yeye, lakini uliyomkosea binadamu mwenzako lazima ukamwombe mwenyewe, hata mara tatu. Miaka mitatu mfululizo, kabla ya siku hiyo, ilikuja barua, na kila moja ilinisihi niitafsiri na kuwasomea watu wa shamba. Nilizitia kwenye droo chini ya karatasi za kaboni. Nilijiambia sijui waliko. Kila mtu alijua waliko. Wanaume wengi walikwenda Ruaha kukata miwa ya watu, na Bi Zuhura alikuwa Mikumi, barabarani. Nilipokwenda semina za Iringa basi lilisimama pale pale, nami nilikuwa nachagua kiti cha upande wa pili.

Mlipokuwa mnanikatia keki nilikuwa nimeshaondoa vitu kwenye droo. Pamoja na barua zile kulikuwa na ya nne, fupi, ya binti yake, kwamba mzee amefariki. Wiki iliyofuata nilipanda gari la Mikumi.

Bi Zuhura anachoma mahindi pale yanapoegesha malori. Amezeeka, ila urefu haujampungua.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Mangapi?"

Kisha akanitazama vizuri. Akasukuma kreti la soda kwa mguu, nikakaa. Nikamsomea barua zote tatu, nikitafsiri. Rabi alikuwa ameandika kwamba alichagua mikono yake iwe safi, na gharama akaiacha jikoni kwa mama mwingine. Aliandika kwamba katika habari ya wakunga wa Misri, msichana wa mashine ya kuchapa alikuwa amesoma vizuri kuliko yeye. Habari za safu ya nne hakuziandika popote, si mara moja kati ya tatu.

Bi Zuhura aligeuza mahindi. Lori likapita, tukangoja kelele iishe.

"Kafa?"

"Amekufa."

"Mimi nimemsamehe. Alisimama mbele ya trekta, nilimwona." Akapepea makaa. "Ile safu ya debe, aliichora yeye?"

"Hapana."

"Nani?"

"Mimi."

"Najua. Nilikukalia hapa ubavuni, nikakutajia debe moja moja, nikakupa na dole gumba." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba. "Yeye katuma tatu kutoka huko aliko. Wewe uko Kilosa. Yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Mtu niliyeandika barua za wilaya nzima sikuwa na hata mstari mmoja. Nililia pale mbele ya matingo wa malori, na hakunikataza wala hakunibembeleza. Aliuza mahindi mawili, akarudisha chenji.

Basi langu lilipopiga honi alichagua hindi lililoiva vizuri, akalifunga kwa ganda lake, akaniwekea mapajani. Nikafungua pochi. Akaurudisha mkono wangu.

"Umekuja, hiyo ni ya kuja kwako," akasema. "Ila hii usiiandike."